RPN ni nini, na kwa nini HP-25 haina batani ya =

Ukiishika HP-25, kalkuleta ya zamani ya kampuni ya HP, kwa mara ya kwanza utaitafuta batani ya = na hutaiona. Haijafutika, haikuwepo toka kiwandani. Kuna batani moja pana imeandikwa ENTER, na ukibonyeza 3 + 4 kama ulivyozoea kwenye Casio ya shule skrini inakubakizia 4, unabaki unajiuliza mashine imekufa au vipi. Haijakufa, inatumia RPN, na ukishaielewa hii RPN mambo mengine yote ya hii kalkuleta yanakuwa mepesi, hata kuandika program.

RPN (Reverse Polish Notation) ni utaratibu wa hesabu ambao namba zinatangulia halafu kitendo kinafuata. Badala ya 3 + 4 unaandika 3, ENTER, 4, kisha +, na jibu linatoka hapohapo, ndo maana = haina kazi. Hiyo P ni ya Poland, kwa heshima ya Jan Łukasiewicz, mwanamantiki wa huko ambaye miaka ya 1920 alionyesha kwamba ukiweka alama mbele ya namba huhitaji mabano kabisa. Baadaye mpangilio ukageuzwa alama zikaja nyuma, na HP wakauingiza kwenye kalkuleta yao ya kwanza ya mfukoni, HP-35 ya mwaka 1972, iliyouzwa dola 395. HP-25 ikafuata 1975 kwa dola 195, ikiwa na uwezo wa program.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Ndani ya mashine kuna rafu nne zimepangwa juu ya nyingine, zinaitwa X, Y, Z na T, X iko chini kabisa na hiyo pekee ndo unayoiona kwenye skrini. Ukibonyeza ENTER namba iliyoko X inanakiliwa kwenda Y na zilizokuwa juu zinasogea juu zaidi. Ukibonyeza + mashine inachukua X na Y, inajumlisha, jibu linakaa X na zilizobaki juu zinashuka. Basi, hamna kingine.

Chukua (3 + 4) × (5 + 6). Bonyeza 3 ENTER 4 +, unaona 7. Usiandike popote, endelea tu 5 ENTER 6 +, unaona 11, na ile 7 imesogea yenyewe kwenda Y inakusubiri, kisha × na jibu ni 77. Hukufungua bano hata moja na kila jibu la katikati umeliona kwa macho yako, kwa hiyo kama umekosea unajua umekosea wapi. Mimi hiki ndo ninachokipenda kuliko vyote, kwamba inakulazimisha ufikirie hesabu kuanzia ndani kutoka nje, vile ambavyo ungeifanya kwa mkono.

Rafu ya T nayo ina tabia yake nzuri ambayo wengi hawaijui, kila zikishuka yenyewe inabaki na nakala yake. Tuseme una shilingi 100 inakua asilimia 5 kila mwaka. Bonyeza 1.05 ENTER ENTER ENTER, rafu zote nne zimejaa 1.05, halafu andika 100 na uanze kubonyeza × tu: 105, 110.25, 115.76, kila bonyezo ni mwaka mmoja, na 1.05 haiishi.

Program sasa. Watu wakisikia program wanafikiria lugha ya kompyuta, hapa ni kurekodi batani zilezile ambazo ungebonyeza kwa mkono, hatua zisizozidi 49. Eneo la duara kwa mkono ni nusu kipenyo, x², π, ×. Basi sogeza swichi iende PRGM, bonyeza f PRGM kufuta ya zamani (f na g ni batani za kuchagua kazi ya ziada ya batani inayofuata), halafu g x², g π, ×. Kila hatua skrini inaonyesha namba, mfano × inatokea kama 61, maana yake mstari wa 6 batani ya 1, ukihesabu kutoka juu. Rudisha swichi kwenye RUN, bonyeza f PRGM ili ianze mwanzo (ukiwa RUN haifuti kitu), andika 7, bonyeza R/S, batani ya kuendesha program, inakupa 153.94. Duara lingine? Andika namba, R/S tena.

Inaweza pia kuamua. Ukiweka swali kama x=0 ndani ya program, jibu likiwa ndiyo inaendelea hatua inayofuata, likiwa hapana inaruka hatua moja. Ukiunganisha na GTO, batani ya kuruka kwenda hatua unayoitaja, unapata mizunguko, na kwa hatua 49 unaweza kutafuta suluhisho la mlinganyo kwa njia ya Newton, ya kukisia na kusahihisha kisio tena na tena. Ndo maana karatasi za mtihani, KCSE mojawapo, zinataka kalkuleta isiyo na program.

Ukiinunua iliyotumika, usiiwashe kwa chaja wakati betri haipo au imekufa, umeme usiotulia unaweza kuua chipu na vipuri vyake havipatikani. Betri yake ni seli mbili za saizi ya AA, zinabadilishika. Kama unataka kujaribu RPN kabla ya kutoa hela, kuna programu ya bure ya simu inaitwa Free42, inaiga HP-42S na rafu ni zilezile nne. Na HP-25 ya kawaida ukiizima program yote inapotea, inayotunza ni HP-25C iliyotoka 1976, kwa hiyo hatua zako ziandike kwenye daftari kabla hujaizima.