Eti ukivuka mpaka wa Horohoro kesi imekufa?

Juzi tena, barazani Ngamiani hapa Tanga, kikombe cha kwanza cha kahawa sijakimaliza, kijana ananiuliza: "Wakili, mtu akiiba Mombasa akarudi zake Tanga si ndo basi? Kosa la Kenya hilo." Nimeisikia hii mpaka masikio yameota sugu, leo naandika.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 6. Mtanzania akitenda kosa popote nje ya nchi, mahakama zetu zina mamlaka naye. Popote, hata Guangzhou. Kenya nao wakimtaka, kuna Sura ya 368 ya kurejesha watuhumiwa, wanaleta maombi, hakimu anapima ushahidi, makosa ya kisiasa hayamo. Tuendelee.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kudhani kosa moja lina mahakama moja, kama kiwanja na hati yake (ingawa mjini hapa viwanja vya hati mbili tunavijua). Nchi lilipotendeka inadai, nchi ya mtuhumiwa inadai, ya aliyeumizwa nayo inadai. Ubalozi wa Marekani Dar ulilipuliwa Agosti 7, 1998, wakafa watu 11. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, akakamatwa Cape Town 1999, kesi yake ikasikilizwa New York. Haya niambie hapo mahakama "yenyewe" ni ipi. Halafu 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema kumkabidhi kwa Marekani vile kulikuwa kinyume cha katiba, maana Afrika Kusini haikuidai kwanza Marekani iahidi kwamba hatanyongwa wala kuuawa kwa namna yoyote, na mtu mwenyewe kashafika huko zamani. Akapewa kifungo cha maisha.

Mamlaka mie hayanisumbui, kinachonisumbua ni mashahidi. Kwenye kesi ya ndege iliyolipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, watu 270 walikufa 1988, majaji wa Scotland walihamia Uholanzi wakasikiliza kwa sheria ya kwao, serikali kubwa zinaweza hayo, lakini mwenye duka wa Mombasa je? Apande basi, avuke mpaka pale Lungalunga, aje Tanga aambiwe kesi imeahirishwa, arudi mwezi ujao aambiwe hakimu yuko semina, mara ya tatu haji na mimi simlaumu. Kwa hiyo yule kijana kapatia nusu, kesi inaweza kufa kweli ila inauliwa na nauli, siyo na mpaka.

Na kuna jambo sijawahi kuwa na raha nalo. Kifungu cha 6 hakisemi kwamba kitendo lazima kiwe kosa na huko kilikofanyika. Sasa Mtanzania akifanya jambo ambalo huko ni halali kabisa na hapa ni kosa, tumshtaki akishuka tu? Maneno ya sheria yanaruhusu, roho yangu inakataa, na nimeshabishana na mawakili wenzangu wawili kuhusu hili mpaka kahawa ikapoa.

Kijana kasikiliza yote hayo kisha kauliza, "Na akikimbilia Pemba?" Pemba ni Tanzania, mdogo wangu!