Mashine haijui logo yako

"Fundi, si nimeshakutumia logo? Hiyo pesa nyingine ni ya nini, na mashine ndiyo inashona?"

Wiki hii nimeulizwa tena, mara hii na mweka hazina wa chama cha bodaboda hapa Kisumu, anayetaka nimdarizie logo kwenye polo na reflekta za wanachama. Alichonitumia ni picha ya skrini ya kalenda, logo ikiwa pembeni, kidole chake kikionekana. Nimechoka kulijibu swali hili kwa WhatsApp, kwa hivyo naliandika hapa mara moja. Kesho akija mwingine namtumia ukurasa huu, narudi kwenye kazi.

Mashine haioni picha. Haijui kama ile ni ngege, ni simba au ni herufi K. Inachojua ni kusogeza fremu iliyoshika nguo kidogo kulia, kidogo juu, kudunga, kusogeza tena, kudunga, kukata uzi, kubadilisha sindano. Faili ya DST, ambayo karibu kila mashine ya biashara inaisoma, ni orodha ya hatua hizo basi, zikipimwa kwa vipande vya milimita 0.1, na hatua moja haivuki milimita 12.1. Hata rangi hazimo. Faili inasema tu "simama, badilisha". Rangi gani ije, napanga mimi kwenye sindano. Ndiyo maana ukiniletea DST ya fundi wako wa Nairobi bila orodha ya rangi, nembo yako ya kijani inaweza kufunguka kwenye kompyuta yangu ikiwa ya waridi. Usipige kelele, si virusi.

Kati ya picha yako na mashine, basi, lazima akae mtu aamue kipande kipi kitangulie na kipi kifuate, wapi mishono ilale na wapi isimame, herufi ipi ishonwe satini, yaani mishono inayovuka kutoka ukingo hadi ukingo, na uwanja upi ujazwe. Huko ndiko kudijitaizi, na ada yake unalipa mara moja. Ukirudi mwaka ujao na ovaroli mpya, hulipi tena, mradi nguo iwe ya aina ile ile. Na hapo ndipo ugomvi wetu huanza, kwa sababu mwaka ujao mteja haji na ovaroli, anakuja na polo, na faili anasema "si unayo tayari".

Ninayo. Faili ya ovaroli.

Uzi ukikazwa unavuta kitambaa. Mshono mmoja unavuta kidogo sana, lakini logo ya kifuani yenye upana wa sentimita 9 ina mishono kama 5,000 hadi 10,000, na yote inavuta kwa pamoja kama kamba inayofunga mdomo wa gunia la omena. Inavuta kufuata upande ilikolala, na upande unaoukata huo inasukuma kitambaa nje. Chora duara safi kwenye kompyuta, lijaze mishono ya kulala kutoka kushoto hadi kulia, kisha lishone kwenye polo. Litatoka limebanwa mbavuni na kurefuka juu na chini. Anayeijua kazi hachori duara. Anachora kitu kilichovimba mbavuni, kibaya kabisa kwenye skrini, ili kwenye nguo kitoke duara. Kuna mzee wa kanisa aliyeona faili kwenye kompyuta akaniambia nimeipinda nembo ya kanisa lake. Siku hizi skrini haonyeshwi mtu. Unaonyeshwa sampuli iliyoshonwa, tena kwenye kitambaa cha nguo yako.

Sasa, ni kiasi gani cha kuvimbisha? Kwenye ovaroli ya kaki nzito naongeza milimita 0.2 hivi kila upande. Kwenye polo naanzia 0.4, na kuna polo laini ambazo hata hiyo haitoshi. Tofauti ya milimita 0.2 inaonekana upuuzi hadi uone mpaka wa dhahabu uliotakiwa kuizunguka ngao ya buluu umeachana nayo, na katikati kunachungulia fulana nyeupe. Wateja wanaona ile nafasi wanadhani mashine imezeeka. Mashine ilipita palepale ilipoambiwa ipite. Kitambaa ndicho kilichohama.

Ndiyo maana kabla ya rangi yoyote kuonekana kuna mishono ya msingi, ile inayokwenda chini ikiwa imeachana, kazi yake ikiwa kukishika kitambaa na karatasi ya nyuma, ile ya kukikaza inayowekwa chini yake, viwe kitu kimoja. Faili za bei ya chee huiruka, kwa sababu anayeziuza anahesabu mishono na anataka zionekane nyepesi. Kwenye kaki unaweza kuponea. Kwenye polo, ambayo inavutika na ina vile vishimo vyake, herufi nyembamba zisizo na msingi huzama zikapotea. Kwenye sweta ya shule ndio kabisa. Pale naweka na plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa maji juu ya kitambaa, la sivyo nyuzi za sweta zinachomoza katikati ya herufi.

Na hiyo karatasi ya nyuma, jamani. Kwenye kaki natumia ile ya kuchanika: nikimaliza naichana, basi. Kwenye polo, sweta na chochote kinachovutika natumia ile ya kukatwa, ambayo inabaki ndani maisha yote ya nguo. Inabaki kwa makusudi. Kila baada ya muda ananijia mama akilalamika kwamba nimemwachia takataka ndani ya fulana, au mbaya zaidi, ameshachukua mkasi akaing'oa yote hadi kwenye mishono, na sasa logo imejikunja. Ikikuwasha kifuani niambie mapema, kuna kitambaa laini cha kuibandika juu yake. Lakini iache.

Neno la pili ninalolichukia ni "punguza tu". Una faili ya mgongoni ya sentimita 20, unataka iwe ya sentimita 10 kifuani. Ile mistari iliyokuwa imeachana kwa milimita 0.4 sasa imeachana kwa 0.2, na uzi wa kawaida, namba 40, wenyewe una upana wa karibu milimita 0.4. Mishono ni ile ile kwa idadi, imesongamana kwenye robo ya eneo. Uzi utakatika, sindano itavunjika, na kitambaa kikitoboliwa kiasi hicho kinakatika pembeni mwa logo. Asilimia 10 juu au chini sina shida nayo. Zaidi ya hapo faili inachorwa upya, na hata programu nzuri inayoweza kuhesabu mishono upya haiwezi kukuamulia ni kipi kiondolewe kwa sababu kimekuwa kidogo mno.

Hili la kidogo mno linahusu zaidi nembo za shule. Ngao, kitabu, mwenge, mlima, na chini utepe wenye kaulimbiu ya maneno sita, yote ndani ya sentimita 7. Sindano ya kawaida, namba 75, ina unene wa milimita 0.75. Herufi ya kimo cha milimita 3 ina mguu wa nusu milimita. Unaniomba nishone mguu mwembamba kuliko sindano yenyewe. Kwa uzi wa kawaida sishuki chini ya milimita 5 kwa kimo cha herufi. Kwa uzi mwembamba namba 60 na sindano ya 65 nashuka hadi 4, polepole. Chini ya hapo kitundu cha herufi e kinazibika, a inakuwa doa, na mwalimu mkuu anauliza kwa nini kaulimbiu haisomeki. Kwenye barua ya shule inasomeka, kwa sababu wino hauna unene. Chaguo ni mbili: tupanue nembo, au kaulimbiu ibaki getini.

(Na mkileta nembo ya taifa kwa ajili ya sare za kampuni ya ulinzi, jibu ni hapana kabla hata hatujafika kwenye herufi. Sura ya 99 ya sheria za Kenya inakataza kuitumia kibiashara bila kibali.)

Siku hizi pia kuna logo za akili bandia: simba wa dhahabu anayemetameta, moshi nyuma yake, kivuli, rangi zinazoyeyukiana. Mashine yangu ina sindano 15 na uzi hauyeyukiani. Inawezekana kuchanganya rangi mbili kwa kupunguza msongamano wa moja huku ukiongeza wa nyingine, na kwenye mgongo wa jaketi inapendeza. Kwenye kifua cha sentimita 9 ni uchafu. Nipe rangi tatu au nne zilizokaa kila moja mahali pake.

Haya mengine haraka. Uzi: polyester, si rayon. Rayon inang'aa vizuri, lakini nguo ya kazi inafuliwa na jiki na kuanikwa kwenye jua hili letu la ziwani. Ovaroli za wachomeleaji zisizoshika moto zinahitaji uzi wake maalumu. Huu wa kawaida unayeyuka. Siuweki dukani, sitakudanganya. Jaketi za mvua: kila mshono ni tundu, na utalowa kifuani pale penye jina la kampuni. Reflekta: sidarizi juu ya ule ukanda wa fedha kamwe, na kama kandarasi yako inadai kiwango cha EN ISO 20471, kile cha nguo za kuonekana kwa mbali, daraja la pili, kumbuka kinataka angalau mita 0.50 za mraba za kitambaa king'aacho na 0.13 za ukanda. Ile logo pana unayoitaka mgongoni inakula humo humo.

Kuhusu haraka: mashine imeandikwa inakimbia mishono 1,000 na zaidi kwa dakika. Kwenye polo naiendesha 700. Logo ya mishono 7,000 ni dakika 10, ongeza kubadilisha rangi, kukata nyuzi, kutoa nguo na kuweka nyingine kwenye fremu bila kuivuta. Hiyo ni kama polo nne kwa saa kwa mashine ya kichwa kimoja, inayoshona nguo moja kwa wakati, stima ikikaa. Polo 40 ni saa kumi. Usiniletee saa nane mchana kwa kuwa mgeni rasmi anakuja kesho.

Sasa yale nisiyo na uhakika nayo. Kuna polo mbili za lebo moja, rangi moja, kutoka bunda moja, nazishona kwa faili moja na karatasi moja, na baada ya kufuliwa moja inatulia na nyingine inajikunja kuizunguka logo. Najua maelezo ya kawaida: pamba ambayo haikufuliwa kiwandani inarudi, yaani inasinyaa, uzi wa polyester haurudi, basi kinachobaki ni mikunjo. Lakini kwa kuishika tu mkononi siwezi kukuambia ipi itarudi. Naweza kukuomba uzifue kabla ya kuleta, na hakuna anayefua fulana mpya 40.

Zile programu za kugeuza picha kuwa mishono kwa kubonyeza mara moja pia zinanitatiza. Kwa muda mrefu nilizicheka. Zinasoma rangi, hazisomi kitambaa, na nyingi bado zinakutolea kitu chenye mikato ya uzi kila kona. Lakini kwa herufi kubwa na maumbo ya wazi kwenye kaki, zimeanza kutoa kazi ambayo nikiirekebisha kidogo naishona. Hapo mtu akiniuliza kwa nini ada yangu ni ile ile, omera, nakohoa kidogo. Najibu kwamba analipia kujua ni ipi ya kurekebisha. Ni kweli, ingawa si kila siku linanitosheleza mwenyewe.

Na kutoza kwa idadi ya mishono, kama tunavyofanya wengi, kuna kasoro yake: fundi mvivu anayejaza ovyo analipwa kuliko anayejua kupunguza. Sijapata njia nyingine ambayo mteja ataielewa kwa simu. Bei yenyewe siandiki hapa, maana kuna mtu atanionyesha ukurasa huu baada ya miaka mitatu akidai nimtoze hiyo hiyo.

Kazi nyingine sichukui. Fulana za matanga zenye sura ya marehemu ni za kuprinti. Sura ya mtu kwa uzi inakula mishono kuliko thamani ya fulana, na familia haitamtambua mzee wao. Jezi za mpira vilevile. Kitambaa chake ni chepesi, karatasi ya nyuma inamgandia mchezaji kifuani akitoka jasho, na logo inaivuta jezi nzima mbele. Kwa timu, darizi traksuti za benchi na kofia za makocha. Jezi zenyewe zipeleke kwa wa kuprinti.