Kabla hujafungua pampu: maneno ya mwaloni kuhusu injini ya dizeli

Boti ya dizeli ikizima pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, kabla fundi hajafika mwenye boti huwa ameshapewa majibu matano, na manne kati yake ni pampu ya dizeli. Nazungumzia injini za ndani, za boti za abiria na mizigo ziendazo Ukerewe, Kome na kwingineko. Mashine za petroli zinazofungwa nyuma ya mitumbwi zina mambo yake.

"Imekosa nguvu, pampu imekwisha"

Pampu na noseli, yaani vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda, ndivyo vifaa vilivyochongwa kwa uangalifu kuliko vyote kwenye injini. Nafasi kati ya vyuma vyake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita, na dizeli yenyewe ndiyo inayovilainisha. Vinakufa, ndiyo, lakini mara nyingi vinauawa na maji au uchafu. Ukifunga pampu mpya juu ya tenki chafu, umeipeleka kulekule ilikofia ya kwanza.

Nahodha mmoja wa boti ya dagaa alinipokea na pampu ya mtumba aliyokwisha kuinunua.

"Fundi, funga hii tuondoke, mzigo unaharibika."

"Subiri kidogo, kaka. Nipe chupa tupu ya maji."

Nililegeza nati ya chini ya filta inayotenganisha maji, nikakinga chupa, tukaiweka juu ya benchi. Baada ya dakika chache ikajigawa yenyewe: juu dizeli, chini maji, na katikati utando wa kahawia unaovutika kama mlenda. Ule utando ni vijidudu. Huishi pale maji na dizeli vinapokutana, na vikisogea huziba filta. Tulimwaga maji ya tenki, tukabadilisha filta mbili, tukatoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia ya dizeli. Boti iliondoka na pampu yake ya zamani.

Maji hayo huingia kwa njia mbili kubwa. Tenki likilala nusu, hewa yenye unyevu wa ziwa hupoa usiku na kuacha matone kwenye kuta zake, kwa hiyo lijaze jioni baada ya safari badala ya asubuhi. Njia ya pili ni madumu. Dumu likitulia usiku kucha maji hukaa chini. Usimimine mpaka tone la mwisho eti kwa sababu umelilipia.

Kuhusu upepo: injini ikiwaka vizuri, ikaenda dakika moja au mbili kisha ikazima taratibu, shuku hewa kwenye dizeli kabla ya kushuku kingine. Kagua mipira na vibano kuanzia kwenye tenki. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga ile pampu ndogo ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Ikigoma bado, legeza nati za mabomba ya noseli na upige stata. Ila usipime mnyunyizo kwa kidole. Dizeli inayotoka hapo hutoboa ngozi, na hata kama tundu ni dogo kama la sindano, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

"Moshi mweusi ni noseli"

Noseli mbovu hutoa moshi mweusi, sikatai. Lakini moshi huo maana yake ni dizeli nyingi kuliko hewa, na sisi hapa hewa yetu ni haba tangu mwanzo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na taabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, huisikia tofauti hiyo. Ongeza filta ya hewa iliyojaa vumbi, magugu maji au kipande cha wavu kilichojisokota kwenye propela, na magunia kumi ya ziada, halafu umlaumu noseli! Anza na filta ya hewa, kisha tumbukia uangalie propela, injini ikiwa imezimwa.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia kwenye silinda, na huo usiuchezee.

"Ikichemsha, toa thamostati"

Hili linaniudhi. Thamostati ni kilango kinachozuia maji ya kupoozea mpaka injini ipate moto. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi haiunguzi dizeli sawasawa, hujaza masizi na kulika silinda. Tena kwenye injini nyingine, thamostati ikitolewa maji hupita njia ya mkato badala ya kwenda kupoozwa, na joto likazidi kuliko mwanzo.

Tafuta maji kwanza. Ukishawasha tu, chungulia pale maji ya kupoozea yanapotokea. Hayatoki? Zima. Pengine magugu yameziba tundu la kuingizia, au impela, lile gurudumu la raba linalosukuma maji, imekatika mabawa. Impela hiyo huharibika upesi ikizunguka bila maji, na vipande vyake hunasa mbele kwenye mabomba, kwa hiyo hesabu mabawa yaliyopotea na uyatafute. Na injini iliyochemka usiimwagie ndoo ya maji ya ziwa; silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda, hupasuka. Iache ipoe yenyewe.

"Maji yetu hayana chumvi, kutu si shida"

Yanaozesha polepole kuliko bahari, basi. Kosa la kwetu ni kufunga vipande vya zinki vya kujitolea kuliwa na kutu, kama wafanyavyo watu wa pwani. Kwenye maji yasiyo na chumvi zinki hujifunika gamba na kuacha kufanya kazi, vyuma vingine vikaliwa. Ziwani inafaa magnesiamu.

Na oili kuwa nyeusi siku chache baada ya kumwagwa mpya si ugonjwa, ni masizi ambayo oili imeyabeba kama ilivyotakiwa. Iogope ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maana hapo maji yameingia. Badilisha kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini, si kwa rangi.

Ile pampu ya mtumba ya nahodha bado iko kwenye gunia chini ya kiti chake. Nimemwambia asizitoe zile plagi za plastiki zinazoziba matundu yake, vumbi lisiingie.