Michezo ya Krismasi: tunavyodhani na ilivyo kweli

Kila Desemba nyumba yetu ya Uyole, Mbeya, hujaa. Wanakuja wa Dar, wa Makambako, wa Tukuyu, na watoto wanaoitana binamu kabla hawajajuana majina. Kazi ya michezo huwa yangu, na kila mwaka nasikia maneno yaleyale ambayo si kweli.

"Mvua ikinyesha, michezo basi."

Huku nyanda za juu kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Krismasi haina budi kutukuta ndani yake, kwa hiyo anayepanga michezo ya uwanjani peke yake anajitafutia lawama. Ya nje fanyeni mapema, kabla ya chakula cha mchana, na ya sebuleni iwe tayari. Nyama nyama haihitaji hata shilingi. Mmoja anaita "Nyama ya mbuzi!", wote wanaruka na kuitikia "Nyama!" Akitaja mnyama asiyeliwa, kimya. Shangazi yetu ni fundi wa kuita. Anakwenda ng'ombe, kondoo, kuku, mbuzi, anaongeza kasi, halafu anachomeka kinyonga, na nusu ya sebule inaruka.

"Anayekosa lazima atoke."

Hili linaniuma kuliko yote. Kwenye mchezo wa viti, wa kwanza kutoka ni mtoto wa miaka minne, anayefuata ni bibi mwenye goti bovu, na wale ndio waliokuwa na hamu zaidi. Wanabaki vijana watatu wakisukumana huku watu ishirini wamekaa pembeni na simu. Hakuna sheria inayolazimisha hivyo. Punguzeni nafasi, msipunguze watu. Mimi hutandika khanga sakafuni badala ya viti, maana kiti cha plastiki kikikaliwa na watatu miguu hupasuka. Muziki ukizimwa, kila mtu awe na mguu juu ya khanga. Kila raundi naikunja nusu. Ikifika ukubwa wa kitambaa cha meza, wakubwa wamebeba wadogo, wameshikana mabega, na yule binamu wa Dar aliyekuja amenuna keshajua majina ya wote.

"Kuvuta kamba ni nguvu tu, na kamba yoyote inafaa."

Kuvuta kamba ulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920, na mpaka leo timu za mashindano huwa na watu wanane wanaopimwa uzito. Kwa nini uzito? Kwa sababu timu nzito inayovuta kwa pamoja huishinda yenye misuli inayovuta kila mtu kwa wakati wake. Basi gawanyeni watu kwa uzito, msigawane wanaume huku na wanawake kule, na awepo mmoja wa kuhesabu.

Suala la kamba ni zito zaidi. Mwaka 1997 mjini Taipei, Taiwan, watu zaidi ya elfu moja walivuta kamba ya nailoni ikakatika, na wanaume wawili wakang'oka mkono mmoja kila mmoja. Nailoni hunyumbuka, na ikikatika hurudi kwa kasi kama mpira wa manati. Sisi hatufiki elfu, lakini ile kamba nyembamba ya kufungia mizigo kwenye pikapu msiilete. Tafuteni ya katani, nene, isiyo na mafundo, na mtu yeyote asiizungushe mkononi wala kiunoni.

Mbio za magunia nazo: mfuko wa salfeti juu ya majani mabichi unateleza vibaya. Gunia la katani ni bora. Na kwenye mbio za kijiko, kiazi mviringo kinatosha. Mayai yaende jikoni.

"Kushindana kula haraka ni kuchekesha tu."

Hapana. Mtu anayecheka na kumeza kwa haraka hupaliwa kirahisi, na kwa watoto wadogo kipande cha puto lililopasuka ni hatari vilevile. Kwetu huo mchezo haupo, na vipande vya puto vinaokotwa papo hapo.

"Wazee wanapenda kutazama."

Wanatazama kwa sababu hawajaitwa. Krismasi iliyopita, mvua ikipiga bati, babu alikohoa akasema, "Kitendawili!" Watoto wakaitikia, "Tega!" "Kuku wangu katagia miibani." Wakataja kila kitu mpaka cactus ya jirani. Akataka mji. Wakampa Makambako, akakataa, kuna upepo. Wakampa Mafinga, akakataa, kuna baridi. Walipompa Tukuyu pamoja na ndizi zake zote, akajiweka sawa kwenye kiti, akashukuru kwa mji mzuri, akawaambia ni nanasi.