Ukitaka kumshika vunjajungu, anza na macho yake

Mvua za Dodoma zikishakolea, kuanzia Desemba hivi, swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama vunjajungu ana sumu. Hana. Karibu kila kinachowatisha watu kwake kinatokana na macho, na ukiyaelewa hayo utajua pia namna ya kumshika.

Anayo matano. Mawili makubwa yameundwa na maelfu ya vijicho, na katikati ya vipapasio yapo matatu madogo ya kupima mwanga. Shingo yake inageuka vizuri, jambo adimu kwa wadudu, ndiyo maana hukugeuzia uso mzima. Halafu kuna kile kidoa cheusi kinachokufuata kila uendako. Wengi hudhani ni mboni, lakini sivyo. Vijicho vinavyokuelekea moja kwa moja humeza mwanga wa upande wako badala ya kuurudisha, nawe unaona doa. Simameni wawili, mmoja kushoto mmoja kulia: kila mmoja ataapa kwamba anatazamwa yeye. Usiku jicho zima hugeuka jeusi ili likusanye mwanga mwingi zaidi.

Ukimwona anayumba huku na huku, anapima umbali, kwa sababu mtazamaji akiyumba, kitu cha karibu huonekana kuhama zaidi kuliko cha mbali. Tunutu wake, yaani mtoto ambaye bado hana mbawa, hufanya hivyo sana kabla ya kuruka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha jaribio ninalolipenda mno. Waliwabandika vunjajungu miwani midogo kwa nta ya nyuki, lenzi moja ya bluu na nyingine ya kijani ili kila jicho lione picha yake, wakawaonyesha sinema ya kidude kinachosogea. Picha ilipopangwa ionekane iko karibu, wakarusha miguu kuinasa. Walikuwa wa jenasi ya Sphodromantis, ya Afrika, ambayo hata hapa kwetu ipo.

Basi usimjie kwa juu. Kitu kinachomshukia ghafla, kwake ni ndege: atajitutumua, atafunua mbawa na kuinua ile miguu yenye miiba. Idolomantis diabolica, vunjajungu jitu wa Tanzania anayefika sentimita 13 hivi, ana madoido ya rangi ya kutisha kweli anapofanya hivyo, ila anajitetea tu. Weka kiganja mbele yake, chini kidogo ya alipo, akione. Kisha mguse taratibu nyuma ya tumbo kwa kidole cha mkono wa pili, naye atapanda mwenyewe. Ukimbana kifuani kwa vidole atarudisha miguu nyuma akukamate, na miiba inaweza kukutoboa. Osha kwa maji na sabuni, yamekwisha. Wazee wetu husema anayemgusa atavunja vyombo. Nadhani imani hiyo imewaokoa wengi na mikono ya watoto.

Wakati mmoja tu nakataza kabisa: akiwa ananing'inia kichwa chini na ameacha kula. Anajiandaa kujivua ngozi. Mwili mpya ni laini, na akianguka hapo hupinda miguu au hufa.

Wanaokuja kwenye taa za barazani usiku mara nyingi ni madume, maana ndio warukaji. Spishi nyingi zina sikio moja tu, chini ya kifua katikati, la kusikia milio ya popo ambayo sisi hatuisikii. Na jike kumla dume? Hutokea, hasa jike akiwa na njaa, lakini madume wengi huondoka salama.

Wakulima wa zabibu huniuliza kama atawatosha badala ya dawa ya wadudu. Hapana. Hula chochote kinachosogea mbele yake, nyuki wakiwemo, hata ndugu zake. Hata hivyo anapunguza panzi na viwavi, na inaniuma kuona kizazi chake kikiteketea kila mnapopogoa. Kagueni matawi kabla ya kuyachoma. Kifuko cha mayai kinafanana na povu la sabuni lililokauka, cha kahawia, kigumu ukikibonyeza, na ndani mnaweza kuwa na mayai mamia. Kata kipande cha tawi pamoja nacho, kifunge kwa uzi kwenye mti wa uani, mbali na njia ya sisimizi.