Mnalinganisha bili na mchoro

Juzi nimekaa tena kwenye kikao, na mwenye jengo akayasema yaleyale: "Tubomoe hili gofu, tujenge jengo la kijani, lisilokula nishati nyingi. Litajilipa lenyewe kwa umeme tutakaookoa." Vichwa vikatikiswa, chai ikaletwa. Nilipoomba kusema, muda ukawa umekwisha. Basi nasemea hapa.

Kwanza, tarakimu zenu mmezitoa wapi? Ya jengo la zamani imetoka kwenye bili. Ya jengo jipya imetoka kwenye kompyuta ya msanifu. Kwenye kompyuta, kila anayetoka ofisini anazima taa. Madirisha hayaachwi wazi kiyoyozi kikiwa kinanguruma. Vilango vya hewa havikwami kwenye mabomba ya kiyoyozi, hakuna aliyeleta birika lake na friji ndogo akazificha chini ya meza, na chumba cha seva hakikui mwaka hadi mwaka. Jengo la zamani limebeba dhambi zote za watu wanaolitumia. Jipya ni mtoto ambaye hajazaliwa, atakuwaje na makosa?

Tupige hesabu. Namba hizi nimezitunga ili zigawanyike vizuri, msizinukuu popote. Tuseme jengo la zamani linakula uniti 250 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na jipya, kwa mujibu wa kompyuta, litakula 120. Kulijenga kumegharimu uniti 2,000 kwa mita hiyohiyo, kuanzia machimbo ya chokaa hadi rangi ya mwisho. Unaokoa 130 kwa mwaka, kwa hiyo deni hilo la ujenzi linalipwa kwa miaka 15 na kidogo. Hapo kikao hupiga makofi.

Sasa watu wanahamia, na mita ya umeme inasema 180 badala ya 120. Si ajabu hata kidogo. Akiba imeshuka hadi 70, deni limefika karibu miaka 29. Bado hatujaligusa lile la zamani. Lirekebishwe kwa kazi ya bisibisi na subira, lishuke hadi 200. Akiba ya kubomoa ni uniti 20. Deni linalipwa kwa miaka 100! Jengo ni lilelile, saruji ileile; kilichobadilika ni uaminifu wa zile namba mbili za matumizi.

Mwenye jicho kali atanibana: uniti za mita na joto la tanuri la saruji si kitu kimoja. Kweli. Umeme ukitoka kwenye mtambo wa kuchoma mafuta au makaa, uniti moja ukutani imekula uniti mbili hadi tatu za joto huko nyuma, na hapo deni linafupika sana, kwa hasara ya hoja yangu. Ukitoka kwenye maporomoko ya maji, hali ni nyingine kabisa. Na huo ugavi wa umeme miaka 40 ijayo utakuwaje? Vitabu huweka namba moja na kusonga mbele. Vilevile huandika kwamba jengo litaishi miaka 60, wakati mimi nimeona ofisi zikibomolewa zikiwa hazijafika 30, kwa sababu tu kiwanja kimepanda bei. Nikiandika 60 kwenye ripoti yangu, mkono huwa mzito.

Ujenzi wenyewe nitaupita haraka. Klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji, huiva kwenye nyuzijoto takriban 1,450 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hapo haitoki kwenye moto bali kwenye chokaa yenyewe ikivunjika, kwa hiyo hata ukibadilisha kuni ya tanuri hujaimaliza. Msingi na nguzo ndizo zilizokula nishati zaidi, na ndizo mnazotaka kuzivunja. Halafu kuna wapangaji: kila anayeingia anang'oa dari, zulia na kuta za jipsamu ili aweke za rangi yake. Hilo mara nyingi halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dawa ya kwanza haigharimu karibu chochote. Nenda kwenye jengo saa nane usiku usome mita. Kama hakuna mtu na bado inazunguka kama inavyozunguka saa nne asubuhi, huhitaji tingatinga, unahitaji mtu wa kurekebisha taima. Kisha feni: ukipunguza mwendo hadi asilimia 80, kanuni inasema zitakula karibu nusu ya umeme. Kwenye kazi huwa napata pungufu ya hapo, maana mfumo umeamriwa kushikilia shinikizo la hewa kwenye mabomba muda wote, hata vyumba vikiwa vitupu. Lakini hata hayo pungufu nayapokea kwa mikono miwili.

Empire State Building, lile ghorofa refu la New York, lilifunguliwa 1931. Mradi wa kulipunguzia nishati ulipotangazwa 2009, madirisha yake 6,514 hayakutupwa. Yalifumuliwa na kuundwa upya humohumo jengoni, vioo karibu vyote vikitumika tena, vikaongezewa utando na gesi katikati. Joto linaloingia likapungua, na mitambo ya kupoza ikakarabatiwa badala ya kununuliwa mingine mikubwa zaidi. Utaratibu ndio huo: punguza mzigo kwanza, mashine baadaye.

Siyo kwamba sibomoi. Dari ikiwa chini mno mabomba hayapiti, au nguzo zikiwa zimeoza kwa kutu, nitasaini mwenyewe. Ila kabla ya hapo nileteeni bili za miezi 12 na ufunguo wa chumba cha mitambo, tuonane hapo saa nane usiku.