Mashine ni ya shule, data ni ya mtoto

Shule inapompa mwanafunzi kipakatalishi aende nacho nyumbani, mzazi hutia saini fomu ya kukilipia kikipotea au kikivunjika. Fomu hiyo si idhini ya kumtazama mtoto kwa kamera. Nasisitiza kwa sababu tungali tunaambiwa, hata na walimu wakuu, kwamba mashine ni mali ya shule na kila kinachonaswa humo ni chake. Sivyo.

Kisa cha Lower Merion, karibu na Philadelphia, Marekani, kingesomwa na kila bodi ya shule. Vipakatalishi vya wanafunzi viliwekewa programu ya kutafuta mashine iliyoibwa. Ikishawashwa, kamera ilipiga picha kila dakika 15, hata mashine ikiwa chumbani mwa mtoto. Mwaka wa 2010 mwanafunzi alienda mahakamani akidai naibu wa mwalimu mkuu alimkabili kwa picha iliyopigwa kwao. Familia ilisema vilivyoonekana pichani na kudhaniwa kuwa vidonge vya kulevya vilikuwa peremende. Uchunguzi ulifichua maelfu kwa maelfu ya picha, na wilaya hiyo ya elimu ikakubali kulipa dola 610,000. Nia ilikuwa kuzuia wizi.

Kwetu Kenya, kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka mambo mawili kwa pamoja: idhini ya mzazi au mlezi, na data itumike kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Kifungu cha 31 kinataka tathmini ya athari za kutumia data pale haki za watu zinapokuwa hatarini, na ripoti yake imfikie Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hiyo, siku 60 kabla ya kazi kuanza, si baada ya mzazi kulalamika. Faini hufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Wazazi nao waache kudhani plasta juu ya kamera imemaliza kazi. Haizibi maikrofoni wala haizuii skrini kunakiliwa. Iandikie shule: ni programu gani, nani huiwasha, picha hukaa wapi na kwa muda gani? Usiporidhika, lalamika kwa Kamishna, kwa maandishi au kwa mdomo. Uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90. Siwezi kutabiri uamuzi, ila hifadhi nakala ya fomu uliyotia saini kabla hujarudisha mashine.